KETO YA MUHOGO: Boksi la Halloween la Staa Wetu, na Kipimo cha Mama Mkubwa

Wadau, leo natoa povu. Nimelizuia mwaka mzima, ila juzi nimeona tangazo limerudi tena kwenye insta, picha ileile, boksi jeusi lenye utepe wa rangi ya chungwa, na maneno yaleyale: "Halloween box, keto, wanga kidogo, asili mia kwa mia, salama kwa wenye kisukari." Bei imepanda. Mwaka jana tulinunua kwa 35,000, safari hii ni 45,000 na kutumiwa Mwanza unalipia mwenyewe.

Mwenye boksi ni mwanadada maarufu, jina kapuni. Mnaomjua mnamjua. Alianza na nguo, akaja na mafuta ya nywele, sasa amekuwa mtaalamu wa lishe. Sina shida na mtu kutafuta hela. Hata mimi nauza keki za oda hapa Nyakato, na siku umeme ukikatika naoka kwenye sufuria la mchanga. Shida yangu ni hayo maneno manne ya mwisho. Salama kwa wenye kisukari. Hayo ndiyo yaliyotufanya tununue.

Stori iko hivi. Mwaka jana tarehe 31 Oktoba wadogo zangu walitaka Halloween. Walishaiona TikTok, walishachora buibui kwenye daftari za shule, huwezi kuwaambia kitu. Nikasema sawa, ila nyumbani kwetu kuna mama mkubwa, ana kisukari mwaka wa tisa huu, na ni mtu wa kuonja kila kinachopita mezani. Nikaona hili boksi ndilo jibu. Watoto wale, mama mkubwa ale, hakuna atakayekaa pembeni na chai yake kama yuko kwenye adhabu.

Akala biskuti tano na chai ya tangawizi isiyo na sukari. Akasema, "Mwanangu, hii nayo ni dawa? Mbona tamu hivi?" Nikamwambia kula mama, imeandikwa. Nilimwonyesha kwa kidole kabisa kwenye boksi.

Saa tatu usiku anaenda chooni mara ya nne, mdomo umekauka, anaona ukungu. Tukapima. Mashine ikaandika 19.4. Asubuhi yake alikuwa 7.1. Hakuna kingine alichokula cha ajabu mchana ule, alikula sato wa kuchemsha na mboga za majani, ugali kipande cha ngumi ya mtoto. Tulikaa naye hadi saa nane tunampa maji na kupima, ikashuka polepole. Alfajiri tukampeleka hospitali, wakamwangalia, wakaturudisha nyumbani. Mungu mkubwa.

Nikamwandikia staa inboksi kwa adabu zote, shikamoo dada mbele. Akajibu maneno matano: "Muulize mama alikula nini kingine." Nikamwuliza unga gani ametumia. Nikapigwa bloku.

Basi, yule aliyenipiga bloku video zake ziko wazi kwa kila mtu. Nikarudi kuangalia ile anayooka, kwa simu ya mdogo wangu. Anaonyesha kila kitu mwenyewe, kwa tabasamu. Robo kilo ya unga kwenye mzani. Asali gramu 100. Boga la kupondwa, mayai, mdalasini. Zinatoka biskuti 24. Na unga wenyewe anautaja kwa sauti ya kujivunia: "Siyo ngano jamani, ni muhogo wetu wa asili."

Muhogo! Nilicheka halafu nikakasirika.

Wadau, muhogo hauna gluteni. Hiyo ni kweli, na kwa mtu ambaye tumbo lake halielewani na ngano ni habari njema. Lakini gluteni ni protini ya ngano. Wanga ni kitu kingine kabisa. Muhogo karibu wote ni wanga, ndiyo maana ukila ugali wa muhogo mchana unafika jioni hujatafuta kitu. Gramu 100 za unga wa muhogo zina zaidi ya gramu 80 za wanga. Sembe yenyewe ni kama 75 hivi. Yaani ametoka kwenye ngano akapanda ngazi, halafu anatuambia ameshuka. Na asali? Asali gramu 100 ina gramu 82 za sukari. Nyuki hajui kama wewe uko kwenye dayati. Neno "asili" halina kazi yoyote ndani ya damu ya mama mkubwa.

Piga hesabu na mimi, kalkuleta ya simu inatosha. Robo kilo ya muhogo ni gramu 200 na ushee za wanga. Ongeza 82 za asali. Ongeza kidogo ya boga. Unakaribia 290. Gawa kwa 24, kila biskuti ina gramu 12. Mama mkubwa alikula tano, ni gramu 60. Kijiko cha chai cha sukari kina kama gramu 4 au 5, kwa hiyo nilimkalisha mgonjwa wa kisukari mezani nikamlisha wanga wa vijiko zaidi ya kumi na viwili, na nikamwonyesha kwa kidole kwamba ni salama. Hilo ndilo linaloniuma. Chai yake alikuwa ameiacha bila sukari kwa uaminifu wake.

Kuna atakayesema mimi sikusoma, niwaachie wataalamu. Kweli, nimeishia kidato cha nne na cheti changu hakuna anayekigombania. Lakini hii ni biolojia ya form two. Mnakumbuka kile kipimo cha chakula? Unadondosha iodini, ikigeuka bluu nyeusi kuna wanga. Biskuti tatu zilibaki kwenye boksi. Nikaenda duka la dawa, nikanunua iodini ya kusafishia vidonda, nikadondosha. Kipande kikawa cheusi kama kimemwagiwa wino. Nikafanya vilevile kwenye yai la kuchemsha, likabaki na rangi ya dawa tu. Wadogo zangu walifurahi kuliko Halloween yenyewe. (Ukijaribu kwako, kipande ulichodondoshea tupa, usije ukakila. Na iodini haionyeshi asali, inaonyesha wanga wa unga tu. Kwa hiyo hata huo weusi ulikuwa nusu ya habari.)

Najua komenti zinakuja. "Wivu." "Mwacheni dada atafute." "Mwanamke kumkandamiza mwanamke." Jamani, mama mkubwa naye ni mwanamke. Na mimi ninayeoka kwenye sufuria nikimwandikia mteja kwamba keki haina mayai wakati ina mayai, mtanifuata hadi Buzuruga stendi mnizomee, na mtakuwa sahihi. Kwa nini mwenye wafuasi wengi asiulizwe?

Kingine, wala sitaki aache kuuza. Auze. Aandike tu nyuma ya boksi kuna unga gani, asali gramu ngapi, biskuti ngapi. Mistari mitatu. Tangu 2019 kazi ya kusimamia usalama wa chakula ilitoka kwa waliokuwa TFDA ikahamia TBS, kwa hiyo mlango wa kugonga upo na unajulikana. Na afute yale maneno ya kisukari. Akisema "biskuti za muhogo na asali, tamu sana" mimi mwenyewe nitawanunulia wadogo zangu, maana tamu ni tamu, sitamdhulumu hapo.

Kuhusu Halloween ni ushetani au siyo, sitaki kukaa hapo, kila mwaka mnapigana mpaka mnablokiana. Kwa ufupi tu: jina lenyewe ni mkesha wa Watakatifu Wote, tarehe 1 Novemba, na Wakatoliki wa Mwanza siku hiyo wanasali kama Wakatoliki wengine, kesho yake wanawaombea marehemu. Mambo ya taa za kuchonga yametoka Ireland, walikuwa wanachonga tanipu, walipohamia Marekani wakakuta maboga makubwa na laini wakahamia huko. Sisi boga tunalila na chai asubuhi. Mtu akichonga boga halafu akalitupa mbele ya bibi yangu, atajua kama kuna mizimu au hakuna.

Lakini kuna kitu kimoja cha ndani ya lile boksi lazima nikiseme. Biskuti zilikuwa na maumbo matatu: majeneza, bibi mchawi mwenye macho mekundu, na vidole vya mtu. Vidole kabisa, kucha ni punje ya lozi, chini kwenye mkato kuna jemu nyekundu. Marekani ni utani. Kule Dar pia labda ni utani. Hapa Kanda ya Ziwa, mtu wa umri wangu amekua akisikia redioni, hasa ile 2007 hadi 2009, watu wenye ualbino wanakatwa viungo kwa ajili ya waganga. Watoto walitolewa makwao wakapelekwa kuishi shule kama Mitindo kule Misungwi ili wasidhurike. Na vibibi vya Usukumani vimeuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kupikia miaka hamsini. Unaniuzia kidole chenye damu na bibi mwenye macho mekundu kwa 35,000, halafu unanitumia Mwanza. Mdogo wangu wa mwisho ana rafiki darasani mwenye ualbino. Alikigeuza kile kidole mkononi akakirudisha kwenye boksi, hakusema kitu.

Majeneza sikuyachukia. Tena jeneza lina stori yake kwenye haya mambo ya keto, na nadhani dada yetu haijui. Huko Uingereza mwaka 1863 kulikuwa na mzee mmoja London anaitwa William Banting, mnene kiasi kwamba kushuka ngazi ni shida. Daktari wake akamkataza mkate, sukari, viazi na bia. Akapungua, akaandika kijitabu kuhusu hilo kikavuma, na mpaka leo Afrika Kusini kula wanga kidogo wanakuita "Banting". Kazi ya huyo mzee ilikuwa kuandaa mazishi na majeneza, mpaka familia ya kifalme ilikuwa mteja wa ukoo wao. Halafu kuna Banting mwingine, Frederick, wa Kanada, yule wa 1921 aliyegundua insulini na wenzake, dawa ambayo mama mkubwa anajichoma kila siku. Siku yake ya kuzaliwa, 14 Novemba, ndiyo Siku ya Kisukari Duniani. Wiki mbili baada ya Halloween.

Sasa tuje kwa upande wa pili, maana nikiishia hapa mtakimbilia kuoka biskuti za wanga kidogo za kweli mkadhani mmemaliza. Hapana. Mtu anayechoma insulini au anayemeza glibenclamide, dawa yake imepangwa kwa chakula anachokula siku zote. Ukimtolea ugali ghafla, ukamwekea biskuti za karanga na nyama, dawa inaendelea kufanya kazi ileile na sukari inaporomoka. Ikienda chini ya 4 mtu anatoka jasho, anatetemeka, anaanza kuongea vitu visivyoeleweka, anaweza kupoteza fahamu. Hapo kinachomwokoa ni soda ya kawaida au maji ya sukari, kama bado anaweza kumeza. Wale mnaosambaza video za "nimeacha dawa, keto imeniponya" mkumbuke hilo. Kabla ya kubadilisha chakula cha mgonjwa, nenda kliniki yake, wapange dawa upya. Mama mkubwa tulimpeleka, nesi akatuchorea hadi ratiba ya kupima.

Haya, wale mnaouliza "sasa tuoke na nini?" Watu wa mtandaoni watakuambia unga wa lozi. Ni mzuri kweli, gramu 100 zina kama gramu 20 za wanga na karibu nusu yake ni nyuzinyuzi. Lakini nilipouliza bei mjini, kwa hela ya kilo moja ningerudi na karanga kilo nane na nauli ya daladala. Na karanga ni bora kuliko lozi hapo kwenye wanga! Gramu 16 tu, nusu yake nyuzinyuzi. Tunazo Nyakato Sokoni, zinauzwa kwa kopo, tunaziruka tunatafuta za kwenye pakiti zenye picha ya mwanamke wa kizungu anayetabasamu.

Nilichofanya mimi, baada ya kuharibu mara tatu. Chagua karanga moja moja, yenye ukungu au iliyokunjamana tupa, msifanye ubahili, sumukuvu inaharibu ini na moto haiiondoi. Kaanga kidogo sana, menya, acha zipoe kabisa. Hapa ndipo nilipokosea mwanzoni: ukizisaga zikiwa za moto au ukiiacha blenda iendelee, unapata siagi ya karanga. Saga kwa kukatisha, sekunde tatu, pumzika, sekunde tatu. Kinu ndiyo kizuri zaidi, unatwanga na kuchekecha. Gramu 200 za huo unga, mayai mawili, nazi iliyokunwa vijiko vitatu, boga la kuchemsha lililokamuliwa maji kama gramu 100, iliki, mdalasini, chumvi, baking poda kijiko cha chai. Sukari hakuna. Asali hakuna. Tende hakuna, tende ni sukari iliyovaa baibui. Boga na nazi na iliki vinatosha mdomo ukishazoea, na siku ya kwanza hautakuwa umezoea, nawaambia ukweli.

Zinatoka 20. Wanga wote kwenye bakuli hauzidi gramu 50, kila moja ina kama 2. Moto wake uwe mdogo. Karanga zina mafuta, kwenye sufuria la mchanga chini zinaungua huku juu bado mbichi, kwa hiyo makaa mengi weka juu ya mfuniko, chini acha machache tu. Dakika 15 unachungulia. Zitakuwa laini zikitoka, usiziguse mpaka zipoe ndipo zinakaza. Kama kuna mtoto mgeni kwenye shughuli, muulize mzazi wake kama karanga zinamdhuru. Usione aibu kuuliza.

Na umbo? Tulikaa na wadogo zangu tukatafuta kitu cha kutisha cha hapahapa. Popo, sawa, wako wengi. Buibui, sawa. Halafu wa mwisho, yule wa kile kidole, akasema, "Dada, mapanki!" Tukacheka hadi machozi. Lakini fikiria, mifupa ya sangara, kichwa na mbavu na mkia, kuna nini cha kutisha zaidi ya hapo kwa mtoto wa Mwanza? Unachora mbavu kwa uma, jicho unaweka kipande cha nazi. Tulioka ya majaribio wiki iliyopita. Kichwa kinakatika ukiwa na haraka, ila ukiweka mbavu nene kidogo panki linasimama.

Mama mkubwa alikula mawili, akapima kabla na baada ya saa mbili. 6.8, halafu 7.5. Akaiangalia mashine muda mrefu, akasema ladha yake kama kashata iliyogombana na mwenye duka. Tarehe 31 atakuja tena, na ameniambia nisimwonyeshe boksi lolote, atakuja na kipimo chake kwenye mkoba.